Sura ya 3: Tanuri Lisilo na Mlinzi

Ukitoka Kisarawe mjini ukaishika barabara ya Maneromango, mara nyingi utauona moshi kabla hujauona moto. Unapanda taratibu nyuma ya miti, mweupe na mzito kama mvuke wa sufuria, na ukiufuata kwa miguu utafika penye tuta la udongo lililolala chini kama kaburi la jitu. Hilo ni tanuri la mkaa. Ndani yake yamepangwa magogo, juu ya magogo majani mabichi, juu ya majani udongo uliopigwa ukashikana. Moto umewashwa upande mmoja, na sasa umejificha humo, unakula kuni kidogo kidogo bila kuonekana.

Pembeni ya tanuri hakosi mtu. Mchoma mkaa halali usingizi wa raha siku ambazo tanuri lake lina moto. Analizunguka usiku na mchana, koleo mkononi, akisoma rangi ya moshi na kutafuta nyufa. Ufa ukipasuka hewa inaingia, moto uliokuwa ukinong'ona unaanza kupiga kelele, na kukicha magogo yamekuwa jivu. Matundu yakizibwa mno moto unakufa, na kuni zinabaki kuni. Kazi yake yote ni hiyo: kuuzuia moto usiende mbio, na kuuzuia usife.

Nimeanzia Kisarawe kwa sababu swali la sura hii ni jua na nyota zinapata wapi nguvu zake, na tanuri linatusaidia kulijibu kuliko moto wa wazi. Tangu utotoni tunaambiwa kwamba jua ni mpira wa moto. Maneno hayo yanatupotosha, maana moto tunaoujua hula haraka na kwisha haraka. Jua limefunikwa kama tanuri, ni la polepole kama tanuri, na limekuwa likiwaka kwa miaka bilioni 4.6. Tena halina mlinzi. Nani basi anayeziba nyufa zake?

Adhuhuri isiyo na kivuli

Kabla ya kuuliza nguvu zinatoka wapi, tuzipime. Twende Kibaha, kilometa kama 40 magharibi ya Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita wima kabisa juu ya mji huo. Kwa dakika chache mlingoti wa bendera kwenye uwanja wa shule hauna kivuli. Inapendeza kukumbuka kwamba kituo cha elimu cha Kibaha kilijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nordiki, ambako majira ya baridi jua huchungulia kidogo tu na kuzama, na kaskazini kabisa halichomozi kwa wiki kadhaa. Watu wa nchi zenye kiu ya jua walikuja kujenga shule mahali ambapo jua husimama utosini.

Saa hiyo ya adhuhuri, mbingu ikiwa haina wingu, kila mita ya mraba ya ardhi ya Kibaha hupokea karibu wati 1,000. Paa la bati la mita 10 kwa 10 linapokea kilowati 100. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lina uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, na taifa limejivunia kazi hiyo kwa haki kabisa. Sasa piga hesabu: mwanga wa adhuhuri unaoangukia eneo la kilometa za mraba mbili na ushei una nguvu kiasi hichohicho. Eneo kama hilo ungelizunguka kwa miguu kwa muda wa saa moja na nusu.

Na Kibaha ni punje tu. Dunia nzima, pamoja na bahari zake, hudaka sehemu moja kati ya zaidi ya bilioni mbili za nguvu zinazotoka juani. Zilizobaki hupotelea angani pande zote. Ukizijumlisha zote utaandika wati 380 ukizifuatisha na sufuri 24. Hicho ndicho kinachotakiwa kuelezwa, tena si kwa siku moja. Kwa mabilioni ya miaka.

Hesabu ya mkaa

Wanasayansi wa karne ya 19 walianza na jibu ambalo hata mchoma mkaa angelianza nalo: kuna kitu kinachoungua. Waliishi katika zama za makaa ya mawe, na injini zao zote zilikula makaa. Kwa hiyo waliuliza, kama jua lingekuwa bonge la makaa, lingedumu muda gani?

Hesabu hiyo ni rahisi. Jua lina uzito wa dunia yetu mara 330,000. Ligeuze lote kuwa mkaa mzuri kabisa, lipe oksijeni yote linayohitaji bila malipo, kisha liwashe liangaze kama linavyoangaza sasa. Lisingefika miaka 6,000. Piramidi za Misri zimekula karibu miaka 4,500 ya muda huo. Hakuna kinachoungua kwa namna tunayoijua jikoni ambacho kingetosha.

Jibu la pili lilikuwa la akili zaidi. Hermann von Helmholtz wa Ujerumani, mwaka 1854, na baada yake William Thomson wa Uingereza, ambaye historia inamjua kwa jina la Lord Kelvin, walisema jua linapata joto kwa kujikunja. Kitu kinachoanguka hutoa nguvu: mchi ukishuka kinuni hupasha moto unachotwanga. Jua nalo, kwa uzito wake mkubwa, linajiangukia lenyewe taratibu, na anguko hilo linageuka kuwa mwanga. Kelvin alipiga hesabu akapata makumi ya mamilioni ya miaka.

Jibu hilo lilikuwa na fahari, lakini ardhi ililikataa. Mfano mzuri kabisa uko kwetu. Huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, wachimbaji wa Kijerumani pamoja na mamia ya vibarua wenyeji walifukua mifupa ya dinosaria, wanyama wakubwa walioishi miaka milioni 150 hivi iliyopita. Mifupa ya mmoja wao imesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin, mrefu kuliko nyumba ya ghorofa tatu. Mnyama yule alikula majani, majani yaliota kwa jua, na kwa hesabu ya Kelvin jua lenyewe lilikuwa halijazaliwa bado. Dunia haiwezi kuwa mzee kuliko taa iliyoiangazia. Kuna nguvu nyingine iliyokuwa imefichika.

Hata hivyo, usimsahau Kelvin. Tutakutana na wazo lake tena, mbali kidogo, kwenye pwani ya Malindi.

Gramu 29 zilizopotea

Mwaka 1920 Francis Aston, mwanakemia wa Cambridge, alipima atomu kwa chombo alichokiunda mwenyewe, akakuta jambo lililotaka maelezo. Atomu ya heli imejengwa kwa vipande vinavyolingana na atomu nne za hidrojeni, lakini ni nyepesi kuliko hizo nne.

Tulichukulie jambo hili kwenye mizani ya mkulima wa korosho wa Kisarawe. Ana mifuko minne, kila mmoja una gramu 1,008. Anaimimina yote kwenye mfuko mmoja mbele ya macho yake, punje isianguke, halafu anapima. Alitegemea gramu 4,032. Mizani inasoma 4,003. Gramu 29 hazipo. Hakuna mwizi, na mizani ni nzima.

Jibu la mahali zilipokwenda lilikuwa limeshaandikwa na Albert Einstein mwaka 1905: tungamo, yaani wingi wa mata, ni nguvu iliyotulia, na nguvu ni tungamo lililoamka. Gramu 29 hizo zimegeuka mwanga na joto. Kadiri ya kilichopotea ni ndogo, asilimia 0.7 tu, lakini kubadilishana huku kuna faida isiyo na mfano. Kilo moja ya hidrojeni ikigeuka kuwa heli hutoa joto sawa na tani 20,000 za mkaa.

Mwaka huohuo wa 1920, Arthur Eddington alisimama mbele ya wanasayansi wenzake mjini Cardiff akasema huenda hapo ndipo penye siri ya nyota: zinaunganisha hidrojeni kuwa heli. Shida ilikuwa kwamba wakati huo wataalamu wengi waliamini jua limeumbwa kwa vitu vilevile vilivyoumba dunia, chuma na mawe, na hidrojeni kidogo tu. Ni msichana wa miaka 25, Cecilia Payne, Mwingereza aliyekuwa akisoma Harvard, aliyesoma mistari ya mwanga wa nyota na kuonyesha mwaka 1925 kwamba nyota zimejaa hidrojeni kupita kitu kingine chochote. Henry Norris Russell, bingwa wa fani hiyo, alimshawishi aandike kwamba matokeo hayo huenda si ya kweli. Baada ya miaka minne Russell mwenyewe alifika palepale kwa njia nyingine na kukubali kwamba Payne alikuwa sahihi. Leo tunajua karibu robo tatu ya uzito wa jua ni hidrojeni, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni heli.

Heli yenyewe iligunduliwa juani kabla haijapatikana duniani, katika mwanga uliochunguzwa mwaka 1868, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki la jua. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba bonde la Rukwa lina hazina kubwa ya gesi hiyo. Ila heli ya Rukwa haikutoka juani. Ilizaliwa polepole na urani na madini mengine yanayovunjika ndani ya miamba ya kale. Juani heli hutokana na kuungana, ardhini hutokana na kuvunjika.

Haba na haba

Sasa tuingie ndani ya tanuri. Katikati ya jua kuna joto la nyuzi milioni 15, na mata imesongamana mara 150 kuliko maji. Humo atomu zimeshavuliwa elektroni zao, na viini vya hidrojeni, ambavyo kila kimoja ni protoni moja, vinakimbia ovyo na kugongana bila kukoma.

Ungedhani katika joto hilo vitaungana kwa fujo. Wapi! Protoni zote zina chaji ya aina moja, na chaji za aina moja hukimbiana. Zikikaribiana, zinasukumana kwa nguvu kubwa kuliko mwendo wao. Kwa sheria za fizikia ya zamani, hata nyuzi milioni 15 hazitoshi kuzikutanisha, na jua lilipaswa kuwa giza.

Mwaka 1928 George Gamow alionyesha njia. Katika ulimwengu wa vitu vidogo kabisa, kitu hakina mahali pamoja palipokatwa kwa kisu. Kimetandazwa kidogo, kama harufu ya mkaa inavyotandaa zaidi ya tanuri. Kwa hiyo protoni isiyo na nguvu ya kuruka ukuta, mara moja moja sana hujikuta tayari iko ng'ambo. Mwaka uliofuata Robert Atkinson na Fritz Houtermans walilitumia wazo hilo kwenye nyota. Na mwishoni mwa miaka ya 1930 Hans Bethe, akifanya kazi kwa sehemu na Charles Critchfield, aliandika mlolongo wote hatua kwa hatua. Kazi hiyo ilimpa Bethe Tuzo ya Nobel mwaka 1967.

Hatua ya kwanza ndiyo ngumu. Protoni mbili lazima zikutane, na katika kufumba huko huko kwa kukutana, mojawapo lazima igeuke kuwa neutroni. Mambo mawili adimu kwa wakati mmoja. Ndiyo maana protoni moja katikati ya jua, ikigongana na wenzake usiku na mchana, kwa wastani hungoja mabilioni ya miaka kabla ya kupata mwenza. Ikishampata, kazi inayofuata ni nyepesi: kwa muda wa sekunde chache inadakwa protoni ya tatu, na kinazaliwa kiini cha heli nyepesi. Baadaye heli nyepesi mbili zikikutana, zinafanya heli kamili na kuziachia huru protoni mbili zirudi foleni.

Haba na haba hujaza kibaba, walisema wazee, na jua ndilo shahidi mkubwa wa methali hiyo. Kila protoni inangoja karibu milele, lakini protoni ni nyingi kiasi kwamba kila sekunde tani milioni 600 za hidrojeni hugeuka heli, na katika hizo tani milioni 4 hivi hutoweka na kuwa mwanga. Hilo ni tungamo la magunia milioni 80 ya kilo 50, kwa kila pigo la moyo.

Kuna hesabu moja ambayo kila nikiirudia hunishangaza upya. Chukua kilo moja ya jua, kwa wastani, na kilo moja ya mwili wa mtu aliyelala. Mtu anatoa joto zaidi, mara maelfu. Hata katikati kabisa ya jua, mita moja ya ujazo huzalisha chini ya wati 300, sawa na lundo la mboji linalooza nyuma ya nyumba. Jua haliwaki kwa ukali. Linatupofusha macho kwa sababu ni kubwa, na kwa sababu limefunikwa.

Uzito ndio mlinzi

Hapa tunaweza kulijibu lile swali la nyufa. Juu ya kiini cha jua yamelala matabaka ya gesi yenye kina cha mamia ya maelfu ya kilometa, kama udongo uliofunika magogo. Uzito wa gesi hiyo unakandamiza kwenda ndani. Joto la kiini linasukuma kwenda nje. Nguvu hizo mbili zimeshikana mikono.

Sasa fikiri moto wa ndani unaanza kwenda mbio. Joto linaongezeka, kiini kinafura, na kikifura kinapoa. Kikipoa, protoni zinapunguza mwendo na moto unarudi kwenye utaratibu wake. Ukizubaa, mambo yanageuka: joto linapungua, uzito unakikamua kiini, kikikamuliwa kinapata joto, na moto unachangamka. Kazi ambayo mchoma mkaa wa Kisarawe anaifanya kwa koleo na macho mekundu, kuzibua hapa na kuziba pale, uzito wa jua unaifanya wenyewe kila saa bila kulala.

Kifuniko hicho pia huchelewesha mwanga. Mwanga uliozaliwa katikati hausafiri moja kwa moja. Unagonga, unamezwa, unatemwa upande mwingine, unarudi nyuma, unasonga tena, kama mtu aliyepotea katika msitu mnene. Mpaka nguvu hiyo iufikie uso wa jua, ambako joto limeshuka hadi nyuzi 5,500, makumi ya maelfu ya miaka yamepita, pengine zaidi ya laki moja. Kisha kutoka usoni hadi kwenye mlingoti wa Kibaha ni dakika 8 na sekunde 20. Joto linaloanika makopa ya muhogo leo lilizaliwa kabla mtu yeyote duniani hajapanda mbegu.

Wageni wanaopita godoroni

Yote haya yangeweza kubaki hadithi nzuri. Nani amefika katikati ya jua akaona? Mtu hajafika, ila kuna mjumbe anayetoka huko. Protoni inapogeuka neutroni hutoa chembe ndogo iitwayo nyutrino, ambayo karibu haigusani na kitu. Mwanga unahangaika msituni muda wote huo, lakini nyutrino hutoka juani mara moja na kufika kwetu kwa dakika 8 na ushei. Katika kila eneo la ukubwa wa ukucha wa kidole gumba hupita nyutrino bilioni 65 kwa sekunde. Usiku hazikomi. Wakati Kibaha imelala na jua liko upande wa pili wa dunia, nyutrino zinaipenya dunia yote, zinaibukia sakafuni, zinapita kwenye godoro na kwenye mwili wa aliyelala, na kuendelea zake mbinguni.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Raymond Davis alizitega ndani ya mgodi wa dhahabu huko South Dakota, Marekani, karibu mita 1,500 chini ya ardhi, kwa tangi la lita zaidi ya 370,000 za kemikali inayotumiwa na madobi wa nguo za suti. Alizikamata, lakini alipata theluthi tu ya zile ambazo hesabu za John Bahcall zilitabiri. Kwa miaka 30 watu walijiuliza kama Davis alikosea kupima, au Bahcall kuhesabu, au jua lenyewe linazimika. Mwaka 2001 na 2002 maabara ya Sudbury nchini Canada ilitoa jibu: nyutrino hubadilika sura njiani, na tangi la Davis lilikuwa na uwezo wa kutambua sura moja tu. Wote wawili walikuwa sahihi. Davis alipewa Nobel mwaka 2002 akiwa na miaka 88. Tangu wakati huo maabara ya Borexino, chini ya mlima nchini Italia, imezipima hata nyutrino za ile hatua ya kwanza ngumu, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2014. Sasa hatukisii tena. Tumelichungulia tanuri likiwa kazini.

Mshenga na mafiga

Nyota zote huanza kama jua, kwa hidrojeni. Kinachozitofautisha ni uzito, na wenye uzito mkubwa ndio wenye maisha mafupi. Nyota nzito inajikandamiza zaidi, kiini chake kina joto zaidi, na humo njia nyingine ya kuunganisha hidrojeni hushika usukani, njia ambayo Bethe na Carl Friedrich von Weizsäcker waliieleza kila mmoja kwa upande wake. Katika njia hiyo kaboni ni mshenga. Inapokea protoni moja baada ya nyingine, inapitia hali ya naitrojeni na oksijeni, na mwisho inatoa heli na kurudi kuwa kaboni ileile, tayari kwa posa nyingine. Mshenga huyu ana kasi: joto likipanda kidogo tu, kazi yake inaongezeka maradufu na zaidi.

Ndiyo maana nyota za Kilimia, ambazo wakulima wa pwani walizitazama kujua majira, ni za buluu na kali. Umri wake ni miaka milioni 100 na kidogo. Dinosaria wa Tendaguru hakuwahi kuiona Kilimia, maana ilikuwa bado haijawaka. Nyota yenye uzito wa jua mara 20 humaliza hidrojeni yake kwa miaka milioni chache tu. Na kuna nyota ndogo nyekundu, kama Proxima ambayo ni jirani yetu wa karibu kuliko zote, zinazotumia kwa ubahili kiasi kwamba zitawaka kwa maelfu ya mabilioni ya miaka.

Moto huzaa jivu, nasi huitumia methali hii kwa masikitiko, mzazi hodari akipata mtoto mlegevu. Nyota huipa maana nyingine. Jivu la hidrojeni ni heli, na nyota ikibanwa vya kutosha, jivu hilo nalo linawaka. Ila figa moja haliinjiki chungu, na hapa hata mawili hayatoshi. Heli mbili zikiungana, zinachofanya huvunjika papo hapo. Lazima ya tatu ifike kabla hakijavunjika. Fred Hoyle alitabiri miaka ya 1950 kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na hali maalumu inayoruhusu mkutano huo, na William Fowler na wenzake walipotafuta maabarani, wakaikuta. Mafiga matatu ya heli ndiyo yaliyoinjika kaboni yote iliyopo ulimwenguni.

Jua letu litafika hatua hiyo baada ya miaka zaidi ya bilioni 7, likiwa limefura na kuwa jekundu. Nyota nzito huendelea mbele zaidi: kaboni, oksijeni, silikoni, hatua kwa hatua na kwa haraka inayoongezeka, mpaka chuma. Hapo jivu linagoma. Kuunganisha chuma hakutoi nguvu. Msukumo wa ndani unakosekana, kiini kinaporomoka kwa chini ya sekunde moja, na nyota inalipuka na kutawanya angani yote iliyoyapika. Udongo mweupe wa kaolini wa vilima vya Pugu ni aluminiamu, silikoni, oksijeni na hidrojeni. Hiyo ya mwisho ina umri wa ulimwengu wenyewe. Nyingine zote ni jivu la matanuri yaliyovunjika zamani.

Uhuru

Niliahidi kurudi kwa Kelvin. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba setilaiti ya Marekani ya kuchunguza mionzi ya eksirei angani, ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi hiyo. Kwa heshima ya siku ile na wenyeji wake iliitwa Uhuru.

Uhuru iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya eksirei. Kimoja, katika kundinyota la Kentauri, kilikuwa kikipiga kama moyo, pigo moja kwa kila sekunde 5 hivi. Maelezo yake ni haya: mzoga mdogo mzito wa nyota iliyoporomoka unainyonya gesi ya nyota jirani, na gesi hiyo inapoanguka juu yake hutoa nguvu zaidi ya mara 10 ya zile ambazo ingetoa kwa kuunganishwa. Ni kuanguka kunakotoa nguvu, sawasawa na alivyosema Kelvin. Wazo lake halikufaa kwa jua, lakini lilikuwa linangoja nyota zake. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi ile, alipokea Nobel mwaka 2002, katika tuzo ileile moja na Davis. Mmoja alithibitisha nguvu za kuungana, mwingine alifichua nguvu za kuanguka, na huyu wa pili chombo chake kilikuwa na jina la Kiswahili.

Kaa chini ya jivu

Jioni lori la mkaa linashusha magunia, na katika ua mmoja wa Kibaha mama anawasha jiko. Kipande anachokishika kwa koleo kina historia mbili. Joto lililomo ni mwanga wa jua ambao mti wa Kisarawe uliudaka kwa miaka mingi, jani kwa jani. Kaboni yake ni ya kale zaidi: ilipikwa kwa mafiga ya heli ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijawaka. Mti ulitumia miongo kuikusanya nguvu hiyo, na chungu kimoja cha maharage kinaimaliza kwa saa mbili. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi imepungua kwa haraka hiyo. Jua limeishi kwa sababu halitoi zaidi ya linachoweza kulinda, na sisi tulio chini yake bado hatujajifunza.

Lakini bibi mmoja anajua. Chakula kikiwa tayari, hazimi moto wote. Anachagua kaa moja kubwa jekundu, analilaza katikati ya jiko, na kulifukia kwa jivu taratibu kwa kiganja cha mwiko mpaka lisionekane. Hapo litakaa usiku kucha, limefunikwa, likila kidogo kidogo. Alfajiri, kabla ya saa moja, atafukua na kupuliza, na jua likichomoza juu ya Pugu litakuta moto wake umekwisha kushika.